Kadi ya Wanja na chaki ya Mzee Rinkanya

Vijana wa stoo,

Mnisamehe kwanza mwandiko. Mkono wangu umezoea bua la mkungu kuliko kalamu, na utomvu wa ndizi wa miaka tisa hautoki vidoleni hata kwa mafuta ya taa, kwa hivyo madoa mtakayoyaona kwenye karatasi si uchafu wa makusudi. Niliishia darasa la nane. Tangu siku hiyo sijaandika kitu kirefu kuliko nambari mlangoni. Halafu kuna ile shida yetu Wameru ya r na l: mkiona nimeandika "kuripa", someni "kulipa". Wanja, mke wangu, amekaa hapa kando na kalamu nyekundu, na amesema atasahihisha yale tu yanayobadilisha maana. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua siku mbili.

Watu hucheka nikisema nimestaafu, kwa sababu nina miaka ishirini na saba. Lakini mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, siku ile ubao wa lori ulipoteleza kwenye mvua, na daktari akasema nisibebe tena kitu kizito kuliko mtoto. Sikupewa saa ya ukutani. Mama Kendi, mwenye stoo, alinipa mkungu mmoja na nauli ya kufika Embu, na mkungu wenyewe akambebesha mtu mwingine mpaka kwenye gari.

Mama Kendi huyo alipita hapa wiki jana akielekea kununua ndizi, akaniambia kwamba wawili kati yenu mmechukua redio kwa kadi. Hakunituma niwaandikie. Alisema tu, akamaliza chai yake akaenda. Yangu ilipoa.

Nianzie mwanzo, maana mimi nikianzia katikati hupotea.

Nilifika soko la Gakoromone nikiwa juu ya lori la ndizi kutoka kwetu Mitunguu, nimekalia majani, na nilikuwa na haya kiasi kwamba lori liliposimama nilingoja mtu aniambie nishuke. Hakuna aliyeniambia. Mama Kendi alikuwa amesimama mlangoni akihesabu mikungu.

"Wewe uliyebaki huko juu ni mzigo ama ni mtu?"

"Ni mtu."

"Unaitwa nani?"

"Kirimi."

"Nani?"

Nikasema tena, chini zaidi.

"Kimya? Haya, Kimya, shika mkungu huo."

Sikuweza kumsahihisha. Mpaka leo kuna watu pale sokoni wasiojua nina jina lingine. Siku hiyo nilishusha mikungu hadi gunia nililokuwa nimelikunja begani likalowa utomvu, na jioni nikapewa shilingi zangu pamoja na ndizi kumi na tatu mbichi zilizokatika zenyewe. Ndipo nikafundishwa sheria ya za sakafu. Bado mnaifuata, najua: ndizi inayokatika yenyewe kwenye mkungu na kuanguka ni ya aliyeshusha. Inayokatika kwa sababu umeugonga mkungu mlangoni ni ya Mama Kendi, na wewe hupati sakafu wiki nzima. Mlango ule ni mwembamba. Nawaambia kwa sababu najua mmeshaupima, na yeye anajua mmeupima.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Rinkanya. Nyinyi hamkumkuta. Alikuwa mfupi, jicho moja likitoa machozi siku zote kwa ajili ya moshi, na koti lake halikuwa na kifungo hata kimoja. Yeye ndiye alikuwa akivumbika, yaani kuzifunika ndizi mbichi kwenye joto hadi ziive. Shimo lile la sakafuni alilichimba yeye. Chini alitandika majani makavu, akapanga machane migongo ikitazama juu, akaweka kwenye kona jiko lenye unga wa mbao unaofuka bila kuwaka, kisha akafunika kwa majani na magunia. Baada ya hapo hakufunua. Aliingiza mkono chini ya magunia hadi kwenye kiwiko, akautoa. Mkono huo ndio uliokuwa kipimo chetu cha joto, na sikuwahi kuuona ukikosea.

Kwenye kizingiti cha mlango, juu, alikuwa na kipande cha chaki. Siku ya kufunika aliandika upande wa ndani wa mlango: BAKI 6. Kesho yake alifuta akaandika BAKI 5. Wakati wa baridi ya Julai alianzia saba.

Siku moja, kama mwaka wa pili, nilipata nguvu za kumuuliza Mzee.

"Muthee, kwa nini huandiki siku ambazo zimepita?"

"Zilizopita zimepita, haziwezi kunidanganya," akasema. "Hizi zilizobaki ndizo zinazojaribu."

Sikuelewa, nikaitikia. Niliitikia mambo mengi miaka hiyo.

Sasa nifike kwa Wanja. Alikuwa akishona nguo kwenye veranda ya duka moja karibu na Makutano. Kwao ni upande wa Embu, karibu na Runyenjes, na alikuwa amekuja Meru kwa sababu shangazi yake alikuwa na hiyo veranda. Nilipeleka suruali yangu ya kazi iliyokuwa imechanika mfuko. Wiki iliyofuata nikapeleka nyingine. Ya tatu haikuwa imechanika, kwa hivyo niliichana mwenyewe nyuma ya stoo, na sikuwa hodari.

Wanja aliinua mfuko akautazama.

"Huu umeng'olewa na panya ama na meno yako?"

Nikatazama cherehani.

"Nyinyi Wameru mifuko yenu ina vita gani? Kila Jumamosi majeruhi mmoja." Akaweka suruali chini ya sindano. "Ukitaka kukaa hapa, kaa. Si lazima uchane nguo. Benchi ni la wateja, lakini wewe ni mteja kuliko wote."

Nikakaa. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na wale wanaosema mimi ndiye nilimtafuta wananipa sifa ambazo si zangu.

Baada ya miezi kadhaa tukaanza kuzungumza habari ya kukaa pamoja. Tulitaka kukodi chumba na kuanza stoo ndogo, yeye akishona mbele, mimi nikivumbika nyuma. Tulikubaliana tufungue kitabu kimoja cha akiba posta, kwa majina mawili. Mimi nilikuwa na shilingi elfu moja mia tisa kwenye mkebe wa majani ya chai. Nilipomwambia kuna kitu kidogo nimeweka, yeye akasema, "Mimi nina kadi," akainama akaendelea kushona. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza.

Kadi ilikuwa kwenye droo ya cherehani. Siku moja aliifungua kutafuta chaki yake ya kitambaa, nikaiona. Ilikuwa ya manjano, ina safu tatu: tarehe, malipo, na safu ya mwisho yenye neno la Kiingereza ambalo mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha kuwa maana yake ni baki. Chini ya neno hilo palikuwa na 5,400.

Mimi nikajua Wanja ana elfu tano mia nne.

Msinicheke sana. Kitabu cha posta pia kina safu hiyo, na kwenye kitabu cha posta baki ni mali yako. Nilikuwa nimekiona cha Mama Kendi. Nikaona aibu ya elfu moja mia tisa yangu. Nikasema moyoni kwamba siwezi kufungua kitabu na msichana huyu nikiwa na chini ya nusu ya pesa yake. Kwao watasema Mmeru amekuja kukalia akiba ya mtoto wao. Basi nikamwambia tungoje kidogo, nikaanza kujituma. Nilishusha lori la Mama Kendi alfajiri, mchana nikashusha ya majirani. Nikaacha sukari.

Baada ya miezi miwili nikachungulia tena: 6,150. Miezi mingine miwili: 6,900. Mimi nilikuwa nimefika 2,700. Nilirudi sokoni siku hiyo hiyo. Nikamwambia Mzee Rinkanya kwamba kuna mtu anaweka pesa haraka kuliko ninavyoweza kumkimbiza, na huyo mtu ameketi tu kwenye kiti. Akanitazama kwa lile jicho kavu, akasema, "Mtu huyo ana kiti kizuri."

Miezi saba, vijana. Miezi saba nilikimbizana na deni nikidhani ni akiba, kwa sababu sikuweza kufungua mdomo kuuliza swali moja.

Nililijua siku ya Jumatatu mwezi wa Agosti. Nilipofika verandani nilimkuta karani wa duka amesimama na kalamu, na kando yake kibarua mwenye mkokoteni mtupu. Duka lenyewe sitalitaja, lilishafungwa. Lilikuwa likiuza viti, magodoro, cherehani na redio kwa kadi: unatoa kidogo siku ya kwanza, unabeba kitu nyumbani, halafu unaleta kila mwezi. Mwezi usipoleta wanaandika faini. Na ukishakuwa na kadi unaweza kuchukua kitu kingine juu yake, bila kutoa chochote siku hiyo.

"Dada, si mimi," karani alikuwa akisema. Alikuwa kijana mwenye heshima, amevaa tai. "Mimi naandika tu. Baki ni elfu saba na mia mbili. Ukilipa elfu moja mia tano za miezi uliyoruka, cherehani inabaki. Zilizosalia ziishe kabla hatujafunga hesabu, yaani kabla ya Krismasi. Usipolipa leo, tunaibeba."

Wanja alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya gurudumu la cherehani, kama mtu anayemshika mbuzi sokoni.

"Naomba mpaka kesho saa nne."

Karani akatazama mkokoteni, akatazama saa. "Saa nne," akasema, wakaondoka.

Nilikaa kwenye benchi. Nikasema, "Hiyo baki..."

"Ni deni. Ulidhani ni nini?"

Nikamwambia nilichodhani. Nilisema yote, na sijui kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Kwanza alinitazama kama nimeugua. Halafu akacheka hadi akafunika uso kwa kitambaa cha mteja, na alipokitoa machozi yalikuwa mengine.

Alinieleza. Cherehani alikuwa anailipa vizuri. Ndipo mama yake akalazwa, akatoka hospitalini hawezi kulala kwenye kitanda cha kamba, na Wanja akachukua godoro na blanketi mbili kwenye kadi ile ile. Kisha akaruka mwezi, ikaja faini, akaruka mwingine akilipa dawa. "Kila nikienda kulipa nakuta imekua," akasema. "Nikaacha kuitazama. Nilikuambia nina kadi. Nilingoja uniulize. Hukuuliza, nikasema moyoni, huyu mtu ni mpole, ameelewa na amenistahi."

Wakati huo mkebe wangu ulikuwa na elfu tatu na mia mbili. Nikamwambia ni zake.

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakujua wewe, na simjui yule utakayekuwa baada ya miaka kumi. Nikiingia kwako nimelipiwa deni, siku chumvi ikipungua utanikumbusha. Na nyumbani wajomba wangu wakisikia, watasema hiyo ilikuwa mahari na imeshaliwa na duka."

"Sitakukumbusha."

"Huongei, ndiyo. Lakini utanitazama."

Nilikwenda kwa Mzee Rinkanya. Alikuwa anapepeta unga wa mbao. Nikamweleza, naye akasikiliza huku akiendelea kupepeta.

"Usimpe pesa," akasema mwishoni. "Mpe kazi. Haya magunia yetu tunayorundika juu ya shimo, joto linapotelea wapi?"

"Katikati, yanapokutana."

"Na yeye anafanya nini?"

"Anashona."

"Basi mbona unanisimamia hapa?"

Asubuhi, kabla ya saa nne, Wanja alikubali elfu moja mia tano tu, na alikubali kwa masharti yake. Alikata boksi la viatu, akachora safu tatu, juu akaandika KADI YA KIMYA. Kwenye safu ya mwisho akaandika 1,500. "Mimi ndiye nina deni lako," akasema, "na hakuna faini, kwa sababu mwenye duka hana sauti ya kuidai." Tukaapa jambo moja zaidi. Hakuna hata shilingi moja itakayoingia kwenye kitabu cha pamoja hadi kadi ya manjano isome sifuri. Mimi nilitaka tuweke kidogo huku tukilipa kidogo, ili nione kitu kikikua. Wanja akanionyesha kwamba faini ya mwezi mmoja ilikuwa kubwa kuliko faida ambayo posta ingetupa mwaka mzima. Hesabu yake ilikuwa sawa.

Zilibaki elfu tano mia saba na wiki kumi na nane. Nikachukua chaki kizingitini, nikamwomba Mzee ruhusa, nikaandika chini ya nambari yake, kwa herufi ndogo: BAKI 18. Kila wiki tulihitaji shilingi mia tatu na ishirini, na karani akatuandika kwa wiki: wiki tukiruka, faini.

Wanja alishona magunia sita pamoja, yakawa blanketi moja kubwa. Sindano ya kawaida ilivunjika mara mbili. Akatafuta namba kumi na nane na uzi uliopakwa nta, na akashona taratibu akizungusha gurudumu kwa mkono ili mashine isilie. Tulipolitandika juu ya shimo, Mzee Rinkanya aliingiza mkono hadi kiwiko, akautoa, akaenda mlangoni akafuta 6 akaandika 5. Mama Kendi ndiye aliyesema.

"Nani ameshona hii?"

"Fundi mmoja," nikasema.

"Fundi mmoja ambaye kila Jumamosi unampelekea suruali? Mwambie nataka mbili. Na asinipe bei ya mapenzi, anipe bei ya kazi."

Stoo za jirani zikataka pia. Mablanketi mnayotumia sasa, yale yenye mshono mara mbili ukingoni, ni ya mkono wake. Mimi nilitoa za sakafu. Mzee alinipa kona ya shimo kuzivumbika, na Wanja aliziuza zikiwa zimeiva, pale verandani, kwa wateja wanaongoja nguo. Yeye alihesabu za sakafu kwenye kadi ya boksi, nusu zangu, nusu za jasho lake la kuuza. Nilisema si lazima. Akasema, "Andika."

BAKI 17. BAKI 16. Kwa wiki kumi na mbili hatukuruka hata moja. Karani alizoea kutuona, akaanza kufungua kitabu kabla hatujafika kwenye meza.

Wiki ya kumi na tatu niliharibu.

Mvua ilikuwa imekata barabara, malori mawili hayakufika, na za sakafu zikawa chache. Jumamosi ilikuwa siku ya kulipa na tulikuwa na mia moja tu, maana mkebe wangu Wanja alikuwa amekataa tuuguse. Mlangoni, nambari ya ndizi ilisomeka BAKI 1. Mzee alikuwa amekwenda nyumbani kwa msiba. Nikajiambia kwamba kwa blanketi la Wanja siku moja si kitu, na nikifungua leo nitauza zangu na kumpa Mama Kendi zake mapema afurahi. Nikafunua shimo lote.

Zilikuwa za manjano, nzuri kabisa. Nikazipeleka sokoni. Saa sita zikaanza kurudi. Nje zimeiva, ndani zina ule ugumu mweupe unaoshika ulimi. Tulizirudisha shimoni lakini mnajua wenyewe, zikishapigwa na baridi haziendelei, zinakuwa nyeusi tu. Mama Kendi alihesabu hasara mbele yangu bila kupaza sauti, ikafika elfu moja mia nne. Niliilipa kutoka kwenye mkebe, na mkebe ukabaki na mia tatu. Wiki hiyo hatukupeleka kitu dukani.

Mzee aliporudi alizitazama zile nyeusi, akautazama mlango. Nilikuwa tayari kufukuzwa.

"Hapa niliandika nini?"

"Baki moja."

"Moja ni sifuri?"

"Hapana, Muthee."

"Haya," akasema. Akaniachia chaki mkononi, na tangu siku hiyo mlango ukawa wangu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa adhabu.

Nilimwambia Wanja nikitazama chini. Yeye alichukua kadi ya boksi, akaitazama, akaniuliza, "Kwa hiyo sasa umejua inavyokuwa kuruka wiki?" Nikasema nimejua. Akashona blanketi mbili wiki iliyofuata, na mimi nikashusha malori ya watu nisiowajua majina. Tulifidia.

Siku ya mwisho ilikuwa siku mbili kabla ya Krismasi. Tulipanga kupitia dukani, kulipa, kisha kupanda gari kwenda kwao Runyenjes, nami nijulishwe kwa mama yake mara ya kwanza. Nilivaa shati alilonishonea. Kwenye kiondo tulikuwa na machane matatu ya ndizi zilizoiva sawasawa, zawadi ya mama. Nilizivumbika mwenyewe na sikufunua hadi mlango uliposoma sifuri.

Karani alihesabu pesa, akafungua kitabu, akasita.

"Kuna sitini."

"Sitini gani?" Wanja akauliza.

"Faini. Ile wiki moja ya Novemba. Ilipaswa kuandikwa kwenye kadi yenu, hatukuandika." Akaona nyuso zetu. "Si kitu. Nendeni sikukuu, mtaleta Januari."

Tulikuwa na nauli tu. Mimi nilikuwa tayari kuondoka. Sitini ni nini, na gari lilikuwa linangoja. Wanja hakusogea.

"Kadi inasema nini tukiondoka sasa?"

"Inasema sitini."

"Basi hatujamaliza," akasema, akanigeukia. "Kimya. Ndizi unauza ngapi?"

"Shilingi mbili mbili," nikasema. Nikaelewa. Machane matatu, ndizi thelathini na kitu.

Duka lilikuwa limejaa watu wa sikukuu, wamekaa kwenye viti vipya wakijaribu kama vinabonyea. Wanja alinitazama mimi, si wao. Faini ile ilikuwa yangu, na sote wawili tulijua. Nikatoa chane moja kwenye kiondo, nikaliinua, na nikasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuitumia, "Ndizi za Mitunguu, shilingi mbili, zimeiva hadi ndani."

Watu wakageuka. Mama mmoja kwenye sofa akasema, "Menya kwanza tuone." Nikaimenya moja nikaivunja katikati, nikamwonyesha moyo wake. Akanunua nne. Kibarua wa mkokoteni, yule yule wa Agosti, akanunua mbili. Karani akanunua sita, akala moja pale pale mezani, tai imetupwa begani.

Shilingi zilipofika sitini nikazimimina mezani. Karani akapangusa vidole, akaandika kwenye safu ya mwisho mviringo mmoja mtupu, akagonga muhuri.

Tulifika kwao jioni, kiondo kikiwa na ndizi mbili. Mama yake alikuwa ameketi juu ya godoro lile, amejifunika blanketi moja kati ya zile mbili. Alinisalimu vizuri, kisha akamtazama binti yake.

"Mmekuja mikono mitupu hivi?"

Wanja akampa kadi. Mama hakusoma shule hata siku moja. Aliigeuza, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba, akauliza ule mviringo ni nini. Wanja akamwambia. Mama akainua pembe ya godoro, akaiweka kadi chini yake, akalikalia tena.

"Keti, mwanangu," akaniambia. "Hapa hapa."

Kitabu cha posta tulifungua Januari, na kadi ya boksi aliimaliza Mei, mimi nikiomba aiache na yeye akikataa. Chumba tulichokitaka ndimo ninamokaa nikiandika haya, mjini Embu. Yeye anashona mbele. Mimi naivisha kidogo nyuma, nikikaa kwenye kigoda kwa ajili ya mgongo.

Sasa nyinyi wawili wenye redio. Sisemi mzirudishe, labda zinaimba vizuri. Toeni kadi, mtazame safu ya mwisho, mjue hiyo si yenu, ni yao. Kisha niandikieni nambari mliyoiona. Hata msipoandika neno lingine, hata mkikosea r na l, mpeni Mama Kendi karatasi. Hupita hapa kila Alhamisi. Msione haya kuniuliza, mimi haya ilinigharimu miezi saba. Nitajibu. Nitachelewa, kwa sababu mnaona ninavyoandika, lakini nitajibu, na tutahesabu pamoja ni wiki ngapi.

Wanja anasema niwaulize pia kama ile chaki bado iko juu ya kizingiti. Kama haipo, semeni, tutatuma nyingine.

Kimya